Kituo cha Tatu

Saa nne kasorobo, mbele ya Igombe.
Mawimbi: kidogo. Mawingu: tatu kwa nane.
Lugembe kazima injini, boti inajikuna ubavu,
nami nateremsha sahani.

Sahani yenyewe haina ajabu:
duara la bati, upana wa sinia la vitumbua,
robo nyeupe, robo nyeusi, nyeupe, nyeusi,
na kamba yenye fundo kila sentimita kumi.
Unaishusha hadi isionekane.
Unaivuta hadi ionekane.
Kati ya kupotea na kurudi
ndipo pana namba.

Mia moja ishirini na tano.

Daftari la kabla sijazaliwa,
wino wa buluu, mwandiko wa mtu asiye na haraka,
linasema hapa hapa palikuwa mita tatu na nusu.
Nimelisoma mara nyingi, kama barua ya posa
aliyoandikiwa mtu mwingine.

Kuna jambo halikai kwenye jedwali.
Furu jike humchagua dume kwa rangi:
huyu mwekundu mgongoni, yule wa buluu,
na kila mmoja ana ukoo wake na mwamba wake.
Maji yakivia, wote ni kijivu.
Basi jike huchagua kwa kubahatisha,
hufumbata mayai mdomoni, hali, hatemi,
na siku ya kuwaachia watoto
anaachia wasio wa huku wala wa kule.
Tunamlaumu sangara, na kweli alikula.
Lakini wako waliopotea hivi,
bila jino,
kwa kutoonana tu.

Pale Mwaloni nilimuuliza Bi Nkwimba, muuza dagaa,
majina ya furu wa utotoni mwake.
Akahesabu kwa vidole vyenye magamba:
wa mawe, mla konokono, mdomo-mnene,
na mmoja mama yake alimwita Shemeji,
kwa kuwa hana nyama
ila hakosi kufika wakati wa chakula.
Akacheka. Kisha akaniuliza, huko maabara mnaye?
Nikasema tunao samaki kwenye chupa, wamefifia,
lebo zimeliwa na mende.
Sikujua yupi ni Shemeji.

Alhamisi huwa siku ya mto.
Chini ya daraja la Mirongo nageuza mawe,
kati ya soli ya kandambili na povu la sabuni,
nahesabu vibuu wekundu, wembamba kama uzi wa fundi cherehani.
Wekundu wao ni akiba:
wamejifunza kuweka pumzi kwenye damu
pale maji yasipokuwa nayo.
Watoto wa shule huinama darajani:
Dada, umepata dhahabu?
Bado, nawajibu. Na ni kweli, bado.

Dokta Bituro alinirudishia ripoti yangu ya kwanza
ikiwa na neno moja limekatwa mara kumi na tisa.
Usiandike *hakuna*, alisema.
Hakuna ni neno la anayejua ziwa zima.
Wewe una wavu wa tundu la milimita sita
na mafuta ya saa mbili.
Andika *haikuonekana*.

Leo, mshusho wa pili, kamba imekatika.
Nilikwambia kamba hiyo, anasema Lugembe,
ambaye hakuniambia.
Tukainama wote wawili.
Nyeupe ikawa kijani, kijani ikawa chai ya rangi,
ikawa kama kitu unachodhani umekiona.
Mafundo yote yameondoka nayo,
sina cha kuhesabia.

Nimeandika saa. Nimeandika kituo.
Kwenye safu ya kina nimeandika neno la Dokta.

Kesho nitakata mfuniko wa ndoo ya rangi,
nitaomba misumari kwa jirani.
Lugembe anachota maji kwa kopo, ananawa uso,
anavuta kamba ya injini mara moja,
mara mbili.